Sindano ya Nne

Vijana wa kikundi wameniomba niandike niliyoyaona kazini, kwa kuwa nimestaafu na wanadhani sasa nina nafasi. Nafasi sina. Nina kompyuta saba za zamani katika chumba cha nyuma, mashine nne za kuandikia za mkono, na redio moja ya taa, ile ya kabla ya transista, ambayo kijana wetu Patient aliifungua mwezi uliopita na mpaka leo hajaifunga. Lakini nimekubali, kwa sababu kuna kosa moja ambalo ninyi mnaopenda kufufua mashine mtalifanya tu, na ni afadhali mlisikie kwangu kabla halijawakuta. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara ya ofisi mnaijua.

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya viwanja hapa Goma na cheti changu cha ufundi wa umeme, nimevaa kitenge kipya na viatu vya kuazima. Mkuu wa ofisi alinionyesha kiti cha sekretari. Nikamwambia mimi ni fundi. Alitazama cheti, akatazama kucha zangu, akatazama tena cheti, kisha akanipeleka karakana ya nyuma kwa muzee Deo, kama mtu anayepeleka barua isiyomhusu. Muzee Deo alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mfupi, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, aliyevaa tai chini ya ovaroli. Aliniuliza swali moja tu.

"Mutoto, unajua kufungua vis?"

"Ndiyo, muzee."

"Kila mutu anajua kufungua. Kufunga njo kazi."

Yaani kufunga ndiyo kazi, na kwa miezi mitatu sikufungua kitu. Nilifunga alivyovifungua yeye. Ndipo nilipojifunza kwamba vis, yaani skrubu, inajua tundu lake, na ukiipeleka kwenye tundu la jirani itakubali kwa shingo upande, kisha itakusaliti. Patient, ukisoma hapa, ile redio inakusubiri.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na brashi ya kupakia rangi iliyokatwa nywele, mafuta ya cherehani, kisu cha mezani kilichonolewa kikawa bisibisi, na lupe, kile kioo cha kukuzia vitu ambacho muzee alikibana jichoni mpaka kikamwachia alama ya duara. Adui yetu mkubwa lilikuwa vumbi. Vumbi la Goma mnalijua, jeusi, lenye makali, maana ni jiwe la mlima wa moto lililosagwa, na likiingia kwenye chuma linakula. Muzee alikataza kulipuliza kwa mdomo. Alisema pumzi ya mtu ina maji, na maji yakikutana na vumbi lile yanakuwa saruji. Alikataza pia mafuta ya kula. Padri mmoja alituletea mashine yake ya kuandikia ambayo mpishi aliipaka mawese ili ilainike. Tulikuta herufi zote zimeshikana, na sisimizi ndani wamehamia kwa ukoo mzima. Tuliitengeneza siku nne. Padri alipokuja kuichukua alisema mpishi anasalimia.

Muzee Deo alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mashine ikiletwa, kabla hujaigusa, unaiandikisha karatasi moja, herufi zote, kubwa na ndogo, na namba zote, hivyo hivyo ilivyo na kilema chake. Unaweka tarehe, unaitundika msumarini. Aliiita karatasi ya ugonjwa. Ukimaliza kazi unaandikisha nyingine, karatasi ya kupona, unaitundika juu ya ile ya kwanza. Alisema daktari anaandika mgonjwa anaumwa nini kabla hajampa dawa, la sivyo mgonjwa akipona hakuna atakayejua aliumwa nini. Mimi niliona ni kupoteza karatasi. Nilikuwa kijana, na kijana anapenda kazi ianze.

Kisha mlima ukapasuka na lava ikapita katikati ya mji. Ofisi yetu ilikuwa njiani mwake. Karakana ya muzee, na msumari wake na karatasi zake zote, iko leo chini ya mawe, na juu yake kuna mtu anauza saruji. Nililia, sioni haya kusema. Muzee hakulia. Aliuliza kama kuna mtu aliyetoka na lupe yake.

Tulirudi kazini katika nyumba ya mbao, na tukaletewa mashine kuukuu ndani ya kontena kutoka ng'ambo, zile ambazo wenzetu huko walikuwa wamezichoka. Ndimo ilimokuja ile imprimante ya sindano, yaani mashine ya kuchapishia kazi za kompyuta, ambayo leo iko katika chumba changu cha nyuma. Kwa wale waliozaliwa na mashine za kisasa, nieleze. Kichwa chake kina sindano tisa, nyembamba kama unywele, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila sindano inapiga utepe wa wino na kuacha nukta, na nukta zikijumlishwa ni herufi. Sindano moja ikifa, kila mstari wa maandishi unapasuliwa na uzi mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ile ya kwetu ilikuja na sindano moja iliyokufa. Herufi zilisomeka, lakini kila moja ilikuwa kama imekatwa kwa wembe.

Kazi ya ofisi mwaka ule ilikuwa kutoa hati za viwanja kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa zimefunikwa. Walipanga foleni nje kuanzia alfajiri, na masika yalikuwa yameanza. Nilimwonyesha muzee Deo hati ya kwanza na ule uzi mweupe. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Inasomeka," akasema. "Batu bako inje mu mvua. Achana nayo."

Tukaachana nayo. Hati zote za mwaka ule zilitoka na mstari mweupe, na watu walizipokea kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata muzee Deo alistaafu, na haukupita muda akafariki. Nikabaki mkuu wa karakana, maana yake nikabaki peke yangu. Ndipo shule moja ya misheni ikanipa imprimante nyingine ya aina ile ile, iliyokufa moyo lakini kichwa chake kizima. Niliifungua ya kwetu. Nilifanya kazi siku tatu, kwa lupe ya muzee na kibano changu cha nyusi, nikatoa sindano mbovu nikaingiza nzima. Mliojaribu kazi hiyo mnajua kwamba ukipiga chafya umeanza upya. Siku ya tatu ilichapisha ukurasa safi kabisa. Katika maisha yangu ya kazi sijafanya jambo zuri zaidi kwa mikono hii, na nilivimba kichwa.

Karatasi ya ugonjwa sikuiandikisha. Nilijiambia ofisi nzima imejaa karatasi za ugonjwa huo, ya nini kuongeza moja? Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimevimba, nikaenda mbali zaidi. Nilimwendea mkuu nikamwambia, hati zote za mwaka jana ziko kwenye diskette za kompyuta, kwa nini tusichapishe upya nakala za ofisi ziwe safi? Wazo lilikuwa langu. Mkuu alilisifu mbele ya wote. Wenye hati nao wakaambiwa walete za zamani wapewe mpya, na wengi walileta. Marobota ya nakala zenye mstari yalitolewa nje siku moja, wakayachukua wamama wauza karanga na mandazi wafungie bidhaa zao. Diskette moja tu ndiyo iliyokataa kusomeka, kwa sababu unyevu wa ziwa ulikuwa umeiotesha ukungu. Nakala zake zenye mstari zilikuwa zimeshatoka na marobota; tulisema tutaishughulikia baadaye, na baadaye ya ofisi mnaijua.

Miaka ilipita, ikaja mashine mpya, zikaja nyingine mpya zaidi. Nilipokaribia kustaafu, ile ya sindano ilikuwa imewekwa kwenye korido na watu wanaiwekea miavuli. Niliiomba kwa barua, nikakubaliwa kwa barua, nikaipeleka nyumbani. Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Aliyekuja wa kwanza ni Patient, fundi wa simu wa mtaa wa Birere, aliyesikia kelele yake kutoka barabarani akabisha hodi kuuliza ni mnyama gani. Sasa kila Jumamosi asubuhi tunakaa pale, wazee tunabishana ni diskette za kampuni gani zilidumu, vijana wanafungua vitu, na ile imprimante inachapisha programu za kwaya kwa sauti inayofukuza kuku. Ilikuwa fahari yangu. Kila mgeni nilimwonyesha ukurasa safi, nikamwambia habari za kibano cha nyusi.

Jumamosi moja mwaka jana aliingia mama mmoja mwenye bahasha ya plastiki mkononi. Hakutazama mashine. Alitutazama sisi, mmoja mmoja.

"Njo nani Mama Mashini?"

"Njo miye. Karibu, mama, ikaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Jina lake Vestine, mtu wa Kibumba, aliyeolewa mjini. Nyumba ya mumewe ilifunikwa na lava, wakapewa kiwanja pembeni ya mji, wakajenga kwa mbao. Mume akafa. Alilea pale watoto wanne kwa kuuza kabichi na viazi. Sasa amekuja mwanaume mwenye hati ya kiwanja hicho hicho, namba ile ile, iliyotolewa baadaye na iliyo safi. Sitasema ni mwizi, huenda naye alidanganywa. Ofisi ikaunda kamati. Kamati ikafungua faili la mwaka ule, ikaona hati zote ni safi, na jina la mama Vestine halimo, maana lilibaki kwenye ile diskette yenye ukungu.

"Banasema karatasi yangu ni ya bongo, ya uongo, juu ya huu mustari," alisema, akaitoa kwenye plastiki. "Bananiambia nilichapisha ku mashini mbovu ya mu soko. Nikabauliza mashini ya ofisi iko wapi. Banasema iko kwa mama moja mustaafu. Bananipa mwezi moja. Kisha nitoe mbao zangu."

Niliijua ile hati kabla sijaishika. Uzi mweupe ulipita katikati ya jina lake, jina la mumewe, na namba ya kiwanja. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

"Mama Vestine," nikasema, "huu mustari niliutoa miye."

"Ulitoa aje?"

"Nilitengeneza mashini. Kisha nikaomba bachapishe faili yote mupya."

Alifikiri kidogo. "Nani alikuomba?"

"Hakuna mutu."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Patient, ambaye moyo wake ni mwema na mikono yake ina haraka, alikwisha kusogea kwenye mashine.

"Ni rahisi," akasema. "Tutoe sindano moja, tuchapishe, tubapelekee. Bataona mustari ni wa hii mashini."

Niseme ukweli, nilikubali. Nilizima umeme, nikatoa kichwa cha mashine, nikakishika mkononi na kile kibano. Kuharibu ni dakika mbili. Mama Vestine ndiye aliyeuliza.

"Mama Mashini, unakumbuka ilikuwa sindano ya ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka siku tatu, nikakumbuka lupe, nikakumbuka hata nguo niliyovaa.

"Hapana," nikasema.

"Sasa utajua aje ya kuvunja?"

"Tutahesabu ku karatasi yako," Patient akajibu.

"Basi ni miye nitakuwa nimebaonyesha ya kuvunja." Aliirudisha hati yake kwenye plastiki, taratibu, kona kwa kona. "Ule mwanaume naye atakuya, atalipa fundi, bamuvunjie ya kwake. Sitaki mustari wa kuvunja. Nataka ule wenyewe."

Nilirudisha kichwa mahali pake. Mafundi wote tuliokuwa mle ndani tulifundishwa kazi na muuza kabichi, na alikuwa na haki.

Basi ikabidi kuutafuta mstari wenyewe. Kwa majuma mawili nilizunguka na mama Vestine. Majirani zake waliopewa viwanja pamoja naye walikuwa wamebadilisha hati zao, wakatuonyesha zile mpya kwa fahari, safi kama nilivyozitaka. Yeye hakubadilisha kwa sababu siku ile alikuwa kwenye kilio cha mumewe. Niliwauliza wauza karanga wa zamani, wakacheka mpaka wakashika mbavu: nani anaweka karatasi ya karanga miaka yote hiyo? Nilishindwa kulala vizuri, na nikiamka nilihesabu siku zake zilizobaki.

Mwisho nilikwenda kwa mama Feliciane, mjane wa muzee Deo. Nilitumaini muzee aliacha daftari. Mama Feliciane alisema daftari zililiwa na panya, akaniwekea chai, tukakaa sebuleni kwake. Nyumba yao ni ya mbao, na ndani imebandikwa karatasi kuzuia upepo, kama nyumba nyingi za huku. Nimekaa katika sebule ile mara nyingi, hata siku za kilio. Sikuwahi kuutazama ukuta. Siku ile niliutazama nikingoja chai ipoe, nikaona, chini ya moshi wa miaka, michirizi ya kijani na vitundu pembeni. Zilikuwa karatasi ndefu za imprimante.

"Mama, hizi zilitoka wapi?"

"Ni Deo alizileta. Zile mashini iliharibu, mu mwaka wa lava. Alikuwa anasema karatasi ya ofisi haiingize upepo. Tulibandika na uji wa muhogo, miye na yeye."

Nilimwomba ruhusa niondoe kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani. Nyuma yake moshi haukuwa umefika. Karatasi ilikuwa nyeupe, majina ya watu yamepangwa, yamechapwa mshazari kwa sababu ilikuwa imeteleza, juu kuna tarehe ya mwaka ule, na katikati ya kila jina, kutoka mwanzo hadi mwisho, ule uzi mweupe. Nilibana lupe jichoni nikahesabu nukta. Nikahesabu tena kwenye jina lingine. Ilikuwa sindano ya nne kutoka juu. Mama Feliciane aliniuliza kwa nini nalia juu ya ukuta wake, nikamweleza.

Kesho yake nilimleta mama Vestine na hati yake. Nikahesabu mbele yao wote wawili, na hapo pia ilikuwa ya nne. Alitaka kuona kama jina lake limo. Anasoma polepole, kwa kidole, na alipita ukuta mzima, nyuma ya kabati, chini ya dirisha, jina kwa jina. Halikuwemo. Alikaa chini akanywa maji.

Nilitaka kukata kipande nikipeleke kwa kamati. Mama Feliciane alikataa.

"Ukikata, upepo utaingia. Kama banaitaka, bakuye."

Wakaja. Karani wa kamati alikuja na mwenzake mmoja, amevaa koti, akainama kwenye ukuta wa mjane kwa lupe yangu, akapima kwa rula, akapiga picha kwa simu, akaweka hati ya mama Vestine pembeni akapima tena. Halafu akaniuliza kwa nini faili zima ni safi. Nilimwambia kila kitu, na wazo lilikuwa la nani, na diskette iliyoota ukungu. Aliyaandika, akanipa nisaini. Nilisaini jina langu lote.

Kamati iliamua kiwanja ni cha mama Vestine, zikiwa zimebaki siku tano. Yule mwanaume aliambiwa atatafutiwa kingine. Siku ya kuchukua hati mpya mama Vestine aliniomba nimsindikize, nikaenda. Karani aliichapisha kwenye mashine yao ya kisasa, haikupiga kelele hata kidogo, akagonga mhuri, akamkabidhi. Ile ya zamani aliivuta upande wake wa meza ili aiweke kwenye faili.

Mama Vestine aliipeleka hati mpya dirishani. Aliitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma.

"Hii haina mustari," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mupya, ni safi."

"Njo nasema. Nyuma ya miaka ishirini mutu atakuya na yenye mustari, mutafungua faili, mutaniambia yangu ni ya bongo."

Karani alicheka, akanigeukia ili tucheke pamoja, mafundi na watu wa ofisi. Sikucheka. Nilimwambia amrudishie mama karatasi yake ya zamani, na nikasimama pale mezani mpaka alipomrudishia.